Masikio ya Bagira

Niliamini, tena kwa moyo wote na kwa diploma yangu yote ya masomo ya jioni, kwamba binti yangu alikuwa anasikia vita kabla havijaondoka kwao. Sikuwa peke yangu. Barabara yetu nzima ya Bagira, hapa Bukavu, iliamini, na ile ya chini yetu pia, na niliambiwa kwamba hata Kadutu kulikuwa na watu waliokuwa tayari kuapa kanisani kwamba kuna mtoto wa kike Bagira, akiziba masikio asubuhi, kufika jioni majeshi yako mto Ruzizi. Walisema masikio yake yanafika Shabunda, huko mbali ndani ya msitu. Wengine walisema yanafika Kinshasa, lakini hao walikuwa wanatia chumvi. Mimi mwenyewe niliishia Shabunda.

Habari hiyo ilizaliwa asubuhi moja mwanzoni mwa vita vya pili vya Kongo. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Tulikuwa tunakunywa chai, mashine ya jirani ya kusaga mihogo ikaanza kunguruma, naye akaziba masikio kwa viganja, akaingia chini ya kitanda, akapiga yowe ambalo, bila uongo, lilihamisha vikombe mezani. Alipiga yowe mpaka sauti ikakauka. Siku hiyo hiyo malori ya askari yakapanda mjini, na kabla jua halijazama tulikuwa na serikali nyingine. Majirani wakaunganisha: mtoto alilia asubuhi, vita vikaingia mchana. Hakuna aliyeitaja mashine ya mihogo. Mashine ya mihogo ilinguruma kila siku, nani angeijali.

Niseme kwanza mtoto wangu alikuwa namna gani. Sisi wengine, sauti ikija inabisha hodi, inasubiri kidogo mlangoni, ndipo inaingia. Kwake iliingia bila hodi, na viatu vya matope, ikapanda mpaka kitandani. Kifuniko cha sufuria kikianguka alijikunja kama aliyechapwa fimbo. Mvua juu ya malata ya paa, na mvua ya Bukavu mnaijua, ni mtu anamwaga kokoto kutoka mbinguni, ilimfanya ajigonge kichwa ukutani. Ngoma za kwaya zilimtapisha kanisani. Tena haikuwa masikio tu. Mshono wa nguo ulimchoma, maharage yaliyopondeka hayakupita kooni mwake, na ukimgusa kwa wepesi alilia, lakini ukimbana kwa nguvu ndani ya blanketi alitulia. Shuleni alikaa asubuhi moja. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na ilipogongwa alitoka kwa dirisha.

Na Mungu, ambaye ana utani wake, akampa baba kama mimi. Nilikuwa fundi wa vyuma Kadutu: nilikata mapipa ya zamani nikatengeneza ndoo na babula, yale majiko yetu ya makaa. Mchana kutwa ni nyundo. Sauti yangu ilikuwa imezoea kushindana na nyundo, hata nikimwambia mke wangu neno la siri, kisiwani Idjwi walinisikia. Shule niliimaliza nikiwa mtu mzima, jioni, nimekaa na vijana walioniita papa, nikapata diploma ya serikali, na tangu hapo sikuweza kusikia jambo lolote bila kulitafutia maelezo ya sayansi. Hili la mtoto nililitafutia. Niliwaeleza majirani kwamba uzito wa malori unapita ardhini, na kwa kuwa nchi yetu ina volkano, ardhi yake ni tupu ndani kama ngoma, basi mtoto anapokea habari kwa miguu na kuzisikia kwa masikio. Nilichora hata mchoro ukutani kwa mkaa. Watu waliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Diploma ni kitu kikubwa.

Basi ikawa desturi. Asubuhi, kabla watu hawajawasha moto, mtu alipita mlangoni petu kuuliza. Mara nyingi alikuwa mama muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, jirani yetu, nyumba zetu zimeshikana ukuta.

"Maman wa mutoto, leo masikio iko namna gani?"

"Iko wazi," mke wangu alimjibu.

"Asante Mungu. Naenda soko."

Na kama mtoto alikuwa ameziba, barabara nzima ilifunga mizigo: unga, sufuria moja, vitenge, karata ya utambulisho, Biblia. Hakuna aliyeenda sokoni, hakuna aliyeenda kazini. Siku nyingine risasi zilisikika kweli huko milimani, na watu walisema, mumeona. Siku nyingine hazikusikika, na watu walisema mtoto amezizuia. Walimletea yai. Nakuhakikishia kwamba wakati sisi wote tulikuwa tunakula sombe, majani ya mihogo, isiyo na chumvi wala mafuta, binti yangu alikula mayai mengi kuliko askofu.

Lakini hilo lilikuwa yai la mchana wa amani.

Risasi zilipoanza karibu, watu wa barabara yetu walikimbilia nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, ambaye alikuwa na stoo ya matofali isiyo na dirisha. Tulijazana humo kama sambaza ndani ya beseni. Sheria ilikuwa moja: kimya. Askari waliopita walikuwa wanatafuta vitu, na wanatafuta wanawake, na wakisikia mtu anapumua walivunja mlango. Mara ya kwanza tulipoingia na mtoto, bomu likaanguka upande wa ziwa, naye akapiga yowe. Mtu akamfunika mdomo kwa mkono. Mtoto akauma ule mkono mpaka damu, akapiga yowe la pili, refu kuliko la kwanza. Roho zetu sote zilitoka, zikazunguka stoo, zikarudi.

Mara iliyofuata, mzee mwalimu alikuwa amesimama mlangoni.

"Papa, unielewe," aliniambia polepole. "Humu muko batu wengi. Muko batoto."

"Na huyu ni nini?"

"Huyu tunamupenda sana. Lakini humu, hapana."

Akafunga. Tulirudi mbio nyumbani. Mke wangu akamlaza mtoto sakafuni na kumlalia, nami nikawafunika wote wawili kwa godoro na kulala juu ya godoro. Yowe lilitoka tu, likapenya godoro kama sindano. Askari mmoja alikuja akaweka uso dirishani. Niliona kofia na meno.

"Nani analia humo?" aliuliza.

Nililala pale juu kama mtu mwenye raha zake, macho wazi. Alitazama kwa muda wa misa nzima ya Pasaka, halafu mwenzake akamwita kutoka barabarani, akaenda.

Mke wangu alipotoka chini ya godoro hakulia. Alimfuta mtoto mate, akasema, "Mara ingine ule askari hataenda."

Tangu siku ile hatukuwa na wazo jingine nyumbani. Kutoroka hatukuweza. Kwao mke wangu ni Idjwi, kuna utulivu, lakini boti ya kwenda Idjwi ina injini, na mara tuliyojaribu mtoto alitaka kujitupa ziwani kabla hatujaacha ufuko. Kujificha na wenzetu hatukuweza. Tulibaki tunasubiri lile dirisha.

Ni mke wangu aliyeleta habari za mama mmoja wa Muhumba, upande wa pili wa mji. Alikuwa amesoma Ulaya kazi ya kusaidia watoto ambao mwili wao unapokea kila kitu kupita kiasi, akarudi na kanda za muziki, na sasa alikuwa anawapokea watoto katika chumba cha nyuma cha nyumba yake.

"Muziki?" niliuliza. "Mutoto anakimbia kwaya, wewe unataka kumupeleka kwa muziki?"

"Kwaya inamupiga. Huyu maman anamupimia, kidogo kidogo."

"Na masikio ikifungwa kabisa? Nani atatuambia vita inakuya?"

Alinitazama kama mtu anavyotazama sufuria iliyotoboka.

"Wewe na diploma yako," alisema. "Vita ikikuya tutaisikia. Iko na kelele."

Hilo lingetosha kwa mtu wa kawaida. Mimi nilikuwa nimesoma.

Lakini nilikuwa nimeona pia yale meno dirishani, kwa hiyo nilienda. Tulitembea kutoka Bagira mpaka Muhumba, mtoto mgongoni mwa mama yake, blanketi limemfunika kichwa. Chumba chenyewe kilikuwa na godoro sakafuni, kitenge kikubwa kilichofungwa kwenye boriti kama bembea, beseni la maharage makavu, na juu ya meza redio ya kaseti, ndogo ya kushika mkononi, pamoja na kaske yake, ile ya kufunika masikio yote mawili. Mama mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, na alikohoa sana. Hakumgusa mtoto. Alikaa sakafuni mbali naye, akaingiza mikono yake mwenyewe kwenye maharage, akaikoroga taratibu kama hana kazi nyingine duniani. Nilianza kufikiri tumekuja kwa mgonjwa mwingine. Baada ya muda mtoto akasogea, akaingiza ya kwake mpaka viwiko.

Kikwazo kilikuwa kaske. Mtoto hakuvumilia kitu kichwani, hata utepe. Yule mama wa Muhumba alijaribu kuiweka, mtoto akairusha. Akajaribu tena, ikaruka tena. Hapo mke wangu alifungua kitambaa chake cha kichwa. Aliivaa kaske yeye kwanza, akajifunga kitambaa juu yake, akakaza, akasikiliza kidogo huku mtoto anamwangalia. Kisha akafungua, akamvalisha mtoto ile kaske, akamfunga kichwa kwa kitambaa kile kile kikiwa bado na joto lake, akakaza sana, maana kukazwa ndiko alikokupenda. Mtoto akashika mashavu. Tulisubiri yowe. Halikuja.

"Anasikia nini?" niliuliza kwa sauti yangu ya karakana.

Wanawake wote wawili waligeuka. Nikauliza tena kwa kunong'ona, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nibatizwe.

Yule mama alinieleza. Kanda ya kwanza ilikuwa na vinanda ambavyo sauti zake nzito zimepunguzwa, zimebaki zile nyembamba. Kanda za mbele zingerudisha sauti nzito polepole, ili masikio yazoee kwamba sauti inaweza kuja na kwenda bila kuumiza. Nusu saa asubuhi, nusu saa alasiri, chini kabisa, na wakati huo huo tumbembeze, tumbane, achezee maharage. Siyo kumwacha kwenye kiti.

"Na itamuponya?"

"Papa, sitakudanganya. Kuna batoto inawasaidia, kuna bengine hapana. Hata kule nilisomaka, banabishana. Mimi sijui kama ni muziki, ao ni ile kukaa naye pole pole kila siku. Tutajaribu."

Sikulipenda jibu hilo. Mtu aliyesoma Ulaya anasemaje hajui? Nikauliza kwa kuzunguka.

"Masikio ikipona, itabaki kusikia mbali?"

"Mbali wapi?"

"Mbali tu." Sikutaja Shabunda.

Alituazima redio, kaske na kanda ya kwanza, tukarudi. Mtoto alikuwa bado amefungwa kitambaa, ametulia mgongoni, na mimi kwa furaha nilisahau waya uliokuwa unaning'inia kutoka kichwani mwake. Bariere, kile kizuizi cha askari cha kuingia Bagira, haikusahau.

"Simama," askari alisema. "Ile kamba inatoka mu kichwa ya mutoto ni ya nini?"

"Ni muziki, chef."

"Muziki. Ile ni foni." Akawaita wenzake. "Kuyeni muone. Banaongea na batu ya pori kupitia mutoto."

Foni ni mashine ya kuzungumza na watu wa mbali, na katika siku zile watu waliuawa kwa sababu ya foni ambayo haikuwa hata foni. Nilijaribu kuongea, sauti yangu, ile ya kufika Idjwi, ikawa imekwenda Idjwi kweli. Mke wangu alifungua kitambaa bila haraka, akatoa kaske, akampa mkubwa wao. Mtoto akaanza kuguna. Mkubwa alivaa kaske. Alisikiliza huku ametukazia macho, nasi tukausikiliza uso wake.

"Hii ni muziki gani?" aliuliza mwishowe. "Iko sawa mbu."

"Ni dawa, chef," mke wangu alisema. "Ya masikio."

"Dawa ya mbu." Wenzake wakacheka. "Papa, unatesa mutoto. Umupatie ndombolo."

Akarudisha kaske. Kisha akafungua redio, akatoa mawe yake, zile betri, akayatia mfukoni, akatuonyesha barabara. Nilimshukuru. Nilimshukuru mpaka tukapita kona.

"Unashukuru nini?" mke wangu aliuliza.

"Kichwa," nilisema.

Sasa mawe ya redio yatoke wapi? Nilienda kwa mama wa sambaza, alikuwa na redio ya kusikilizia habari. Aliponiuliza ni ya nini, nikamwambia. Akairudisha redio yake chini ya meza.

"Uchukue mabuye ya redio yangu ukafunge masikio ya barabara? Uende, papa."

Nikatoa ya redio yangu mwenyewe. Hapo nikawa mtu asiye na habari za redio, na kila siku nilimtazama mtoto kwa wasiwasi nikijiuliza kama habari zake nazo zitakwisha.

Tuliifanya ile kazi. Asubuhi na alasiri, kitambaa cha mama yake, kaske, kanda ya mbu. Mimi na mke wangu tulishika kitenge ncha hii na ncha hii tukambembeza mpaka mabega yakaniuma kuliko nyundo. Mawe yakichoka niliyaanika juu ya malata, niliyauma kwa meno, niliyaombea. Kulikuwa na siku alirarua kitambaa na kutupa maharage nyumba nzima. Kulikuwa na kipindi cha mvua ambapo kila tulichojenga kilianguka, akarudi kugonga kichwa ukutani, na mke wangu akasema hatufiki popote, halafu asubuhi akafungua kitambaa chake tena. Muhumba tulirudi kubadilisha kanda, waya nimeuficha ndani ya shati.

Kisha alasiri moja kifuniko cha sufuria kilianguka sakafuni. Mtoto alishtuka, mabega yakapanda mpaka masikioni. Akakitazama kifuniko. Kikazunguka, kikalala. Akakiokota. Mke wangu alitoka nje akakaa nyuma ya nyumba, sikumfuata.

Barabara nayo iliona. Walikuja kwetu, mzee mwalimu na mama wa sambaza, wakakaa bila kuvua kofia wala kukubali chai.

"Tunasikia munafunga masikio ya mutoto," mwalimu alianza.

"Hatufungi, muzee. Tunaifundisha."

"Mufundishe masikio ingine," mama wa sambaza alisema. "Hazibi tena. Mimi sasa nalala na viatu. Sijui kama vita inakuya ao inapumzika. Na mayai yangu alikula bure?"

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Maman, siku risasi inaanza, tunamupeleka mulango gani?"

Mama wa sambaza alimtazama mwalimu.

"Tunaongea ya mchana ya amani," mwalimu alisema.

"Mimi naongea ya siku ile."

Nilisimama katikati yao. Niliwaahidi kwamba masikio hayajafungwa, yanapumzika kama shamba, na yakiamka yatafika hata Kisangani. Walikwenda hawajaridhika. Mimi pia sikuwa nimeridhika. Usingizi ulikuwa umenitoka, nilikuwa namchungulia mtoto kama mtu anavyochungulia mawingu.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri kupita kiasi, ziwa limetulia, hakuna wingu. Mtoto alikuwa ameketi mlangoni na beseni la maharage, kaske shingoni. Mashine ya mihogo ilikuwa inanguruma ng'ambo ya barabara, naye alikuwa ameinua bega moja kidogo tu. Mama wa sambaza akapita, beseni kichwani.

"Leo namna gani?"

"Leo iko wazi kabisa," nilimjibu. "Unaweza kufika mpaka Uvira."

Akaenda soko.

Risasi zilianza mjini, kwanza moja moja kama mtu anayepasua kuni, halafu zote pamoja. Hakuna aliyekuwa amefunga mizigo. Mke wangu alimnyakua mtoto, mimi nikanyakua redio, tukakimbilia stoo kwa sababu miguu ilikuwa haijui njia nyingine. Mwalimu alikuwa mlangoni. Mtoto alikuwa ameziba masikio, anatetemeka kama bati kwenye upepo, mdomo uko wazi, bado hakuna sauti, lakini tuliujua ule ukimya. Mke wangu akapiga magoti pale pale nje. Risasi zilikuwa zinapita juu ya malata. Akafungua kitambaa chake, akaweka kaske, akafunga, akakaza, vile alivyofanya kila asubuhi, wala mikono yake haikuharakisha. Nikabonyeza kanda. Kisha akainua macho kwa mwalimu.

"Sasa ufunge mulango," alimwambia. "Funga mbele yake."

Mwalimu alitusogezea nafasi.

Ndani kulikuwa giza na jasho. Nilikuwa nimeshika redio kifuani, na kupitia kidole changu nilisikia gurudumu la kanda linavyozunguka, halafu linavyochoka. Mawe yalikuwa yanakufa. Gurudumu likavuta miguu, likasimama. Mke wangu alijua. Alimbana mtoto, akaweka mdomo kwenye utosi wake, akaanza kuvuma sauti moja nyembamba ambayo hata mimi niliyekuwa pembeni sikuisikia, niliihisi tu begani kwake. Mtoto aliuma pindo la kitenge. Nje viatu vilikuja vikasimama. Mtu akakojoa ukutani. Mwalimu alikuwa amefumba macho, mkono wake uko tayari mbele ya mdomo wa mtoto, haumgusi. Bunduki ikalia karibu sana hadi vumbi likaanguka kutoka darini. Machozi yalimtoka mtoto, mate yalimtoka, kitenge kilikuwa kimelowa. Sauti haikutoka. Viatu vikaenda.

Na mimi muda wote ule nilikuwa nawaza kitu kimoja: hakuna aliyetuambia. Shabunda imezimika.

Mama wa sambaza alirudi asubuhi iliyofuata. Hakuwa na beseni, hakuwa na viatu, na kitenge alichovaa hakikuwa chake. Hakutaka kusema alipolala. Alisimama mlangoni petu, na ningependa angenitukana.

"Ulisema iko wazi," alisema, akaingia kwake.

Nilifunga redio, kaske na kanda ndani ya shati la zamani, nikaenda Muhumba peke yangu kupitia mji uliofungwa milango. Yule mama alinifungulia mwenyewe, akatazama nyuma yangu kama kuna mtoto.

"Wako wazima?"

"Wako. Maman, nimekurudishia vitu vyako. Na wewe uturudishie masikio ya mutoto."

"Masikio gani?"

Nikamwambia yote, kwa mara ya kwanza. Ile asubuhi na malori, Shabunda, mayai, mizigo ya barabara nzima, volkano, ardhi iliyo tupu kama ngoma. Nilimwambia nilivyomjibu mama wa sambaza, na alivyorudi. Nilikuwa naongea kwa sauti kubwa mpaka nikasikia mwenyewe. Alinisikiliza amesimama, anakohoa ndani ya kitambaa.

"Jana, mu ile stoo," aliuliza nilipokwisha, "alipiga kelele?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Alitoa machozi. Lakini maman, siongei ya kelele, naongea ya kusikia. Zamani alikuwa anatuambia."

Alikaa kwenye ukingo wa godoro. Aliyachukua yale maneno yangu yote akayaweka pembeni, sijui kama alikuwa amechoka au alikuwa anataka kulia.

"Papa," alisema, "mutoto wako hakusikiaka vita hata siku moja. Anasikia sufuria, mashine na mvua, sawa wewe na mimi, lakini yeye inamuuma. Ikimuuma anaziba. Anazibaka kila siku, na hapa kwetu vita inakuyaka karibu kila siku. Ni ile tu."